Bangili ya sumaku ya presha na magoti: mtazame anayepima

Mkuu, umeuliza kuhusu bangili ya sumaku anayouziwa mama pale soko la Mgandini, Tanga. Kapimwa mbele ya watu, namba ya juu ikasoma 158. Kavishwa bangili, dakika kumi baadaye ikasoma 139, na sasa anataka kuinunua aache vidonge. Namba zote mbili zinaweza kuwa za kweli, na bangili isiwe imefanya lolote.

Presha hupimwa mtu akiwa ametulia dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini bila kupishana, kibofu kitupu, kitambaa cha mashine kimefungwa kwenye ngozi na si juu ya gauni, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo. Sasa piga picha: mama katoka Makorora kwa miguu, kikapu mkononi, jua la saa saba, kasimama huku kazungukwa na watu. Kipimo cha kwanza kitakosaje kupanda? Kisha anavutiwa kigoda, anapewa maji, anasimuliwa sifa za bangili. Cha pili kinashuka chenyewe, hata ungemvisha kamba ya mkonge.

Halafu kuna mchezo wa mkono. Mkono ukiwa sentimita 10 chini ya usawa wa moyo, mashine inaongeza kama 7 au 8. Ukiinuliwa sentimita 10 juu ya moyo, inapunguza kiasi hichohicho. Zile mashine ndogo za kufunga kwenye kifundo cha mkono ndizo nyepesi kuchezewa, maana kifundo unakipeleka popote. Mwangalie muuzaji: mara ya kwanza mkono wa mteja uko pajani, mara ya pili kaushika kautuliza kifuani.

Sukari nayo ina mlango wake. Mtu aliyetoka kumenya chungwa la Muheza, akatobolewa kidole bila kunawa, kijiti cha kupimia kitasoma na sukari ya chungwa. Avishwe bangili, kidole kifutwe vizuri safari hii, namba itaporomoka. Dawa hapo ilikuwa maji na sabuni.

Lile onyesho la kunyoosha mkono pembeni ukasukumwa ukayumba, kisha ukavaa bangili ukasimama kama mnazi, ni mchezo wa wenzo tu, wapi unasukumwa na kuelekea wapi. Mara ya kwanza anabonyeza karibu na kiganja na kuvutia nje kidogo. Mara ya pili anabonyeza karibu na kiwiko, nguvu ikielekea mwilini. Na wewe umeshajua kinachokuja, umejikaza. Kampuni ya Power Balance iliuza bangili za plastiki dunia nzima kwa onyesho la namna hii. Desemba 2010, mamlaka ya ushindani ya Australia iliwabana wakakiri kwamba hawana ushahidi wa kisayansi wa kuaminika. Ukitaka kumjaribu muuzaji, mteja afumbwe macho, mtu wa tatu arushe sarafu kuamua avishwe bangili yenye sumaku au isiyo nayo, na anayesukuma asijue ni ipi. Fanyeni mara 10, kila mara anayesukuma aseme ni ipi. Kwa kubahatisha mtu hupata kama 5; kupata 9 au zaidi kwa bahati tupu hutokea kama mara moja katika 100. Wengi watakumbuka wana safari ya Korogwe.

"Sumaku inavuta chuma cha damu." Chuma cha kwenye damu si kama cha msumari, damu iliyobeba oksijeni husukumwa na sumaku, tena kidogo mno. Mashine za MRI hospitalini, zile za kupiga picha ndani ya mwili kwa sumaku, huwa na nguvu ya tesla 1.5 au 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), bangili haifiki hata robo ya hapo, na mgonjwa anatoka na damu yake ilivyokuwa. Chukua kibanio cha karatasi, kibandike kwenye bangili, kisha uwe unaongeza karatasi za daftari katikati, moja moja. Hesabu ni ya ngapi kibanio kinapodondoka. Unene huo ulinganishe na ngozi na nyama ya mkono, halafu kumbuka kwamba mama anaumwa goti!

Na bangili za shaba? Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walitoa matokeo ya wagonjwa 70 wa baridi yabisi waliovaa kwa zamu bangili za shaba, za sumaku na za kuigiza kwa miezi mitano. Maumivu na uvimbe havikutofautiana kwa maana yoyote. Ule ukijani unaobaki mkononi ni shaba imekutana na jasho. Wanaosema ni sumu inatoka mwilini waulizwe mbona sufuria ya shaba nayo huota ukijani.

Ninavyoviogopa zaidi ni vidani vya "ioni hasi" na vya kukinga mawimbi ya simu ya 5G. Desemba 2021 mamlaka ya nyuklia ya Uholanzi ilipima bidhaa 10 za aina hiyo, ikakuta zinatoa mionzi, ikawaambia walionazo wasizivae tena. Kile kidude kinachohesabu ioni mbele yako kinaweza kuwa kinahesabu kazi ya mionzi hiyohiyo.

Kifaa kinachouzwa kwa madai ya kutibu kiko chini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kwa hiyo mwombe muuzaji namba ya usajili kabla ya kuuliza bei.

Kama mama kashanunua, usigombane naye, avae kama urembo. Ila vidonge viendelee vilevile, na apimwe nyumbani asubuhi na jioni siku saba, kila mara vipimo viwili vilivyopishana dakika moja, vyote viandikwe, daftari aende nalo kliniki. Akiota vipele chini ya bangili, avue. Mara nyingi ni nikeli. Mwenye mashine ya mapigo ya moyo iliyopandikizwa kifuani asisogeze sumaku ndani ya sentimita 15. Na uzi ukikatika, okota shanga zote za sumaku uzihesabu: mtoto akimeza mbili, hunasana kupitia kuta za utumbo zikautoboa, na hapo ni kukimbilia hospitali ya Bombo usiku huohuo, asisubiriwe aone choo.