Mdogo wako anayekwama tangu aanguke na bodaboda: yangu yalikuwa hivyo hivyo

Dada, pole kwa kuuguza. Nirudie kwanza ulichouliza ili wengine wasihangaike kutafuta. Mdogo wako ni dereva wa bodaboda. Miezi mitano iliyopita aligongwa, akazimika, akalazwa siku tatu, akaruhusiwa. Siku hizi anakwama: yuko katikati ya maneno, ananyamaza, anakodoa macho, anatafunatafuna na mdomoni hamna kitu, dakika moja baadaye anauliza "mlikuwa mnasemaje?" Zahanati wamesema ni mawazo. Bibi yenu anasema ni mkono wa mtu. EEG, kile kipimo cha umeme wa ubongo, imetoka safi. Unauliza umwamini nani, na kama kijana anaweza kurudi barabarani.

Mimi si daktari, ni seremala hapa Morogoro. Ila hicho unachokieleza nilikaa nacho miezi minane kabla hakijapata jina: kifafa kilichotokana na kuumia kichwa.

Machi 2018 nilipanda bodaboda, abiria, kichwa wazi. Nakumbuka harufu ya mishikaki pale kijiweni, kisha nakumbuka feni ya wodini. Katikati hapo hamna kitu hadi leo. Picha ya kichwa ya CT ilionyesha ufa kwenye fuvu upande wa kushoto, juu ya sikio, na ubongo umechubuka chini yake. Siku ya pili nikiwa bado kitandani nikatetemeka mwili mzima. Wakanipa fenitoini, dawa ya kuzuia degedege, siku saba, wakaikatisha. Ndugu zangu walilalamika sana, wakidhani hospitali inabana dawa. Baadaye daktari alinieleza kwamba hivyo ndivyo inavyotakiwa: utafiti wa Seattle, Marekani, uliochapishwa 1990, ulionyesha dawa hiyo hupunguza degedege za wiki ya kwanza, lakini ukiendelea nayo haizuii kifafa kinachokuja baadaye. Hizo ni habari mbili tofauti. La wiki ya kwanza ni ubongo unaolia kwa jeraha bichi. Linalokuja baadaye, kovu likishakauka, ndilo linalopenda kurudi.

Langu lilikuja mwezi wa saba. Nilikuwa karakana, nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Nikazima mashine, nikakagua nyaya, hamna. Wiki iliyofuata tena. Nilimwita fundi umeme mara mbili na nikamlipa mara zote mbili, akaondoka ananishangaa. Baada ya harufu kuna kitu kilikuwa kinapanda kutoka tumboni hadi kooni, kama pale pikipiki inapotumbukia ghafla kwenye mteremko. Kisha najikuta nimesimama, nimechoka, na saa imesogea.

Kwangu mimi hayo ndiyo yalikuwa yote. Harufu na tumbo. Nilivyoulizwa hospitali "unasikiaje?" nikajibu "kizunguzungu". Nikapewa dawa za kizunguzungu. Mara ya pili nikapewa vitamini. Mara ya tatu nikaambiwa nipunguze mawazo. Siwalaumu sana, maana mimi ndiye niliyesema kizunguzungu. Mke wangu naye alikuwa na kesi yake: akiniita nikiwa nimekwama, simjibu, akaona namdharau. Tulinuniana miezi kadhaa kwa kosa ambalo sikujua nalitenda.

Hapo ndipo nataka unisikilize, dada. Mwenye ugonjwa huu ndiye shahidi mbovu kuliko wote. Wakati linatokea yeye hayupo. Ukimpeleka peke yake ataeleza kile alichobaki nacho, uchovu na kichwa kuuma, na atarudi na dawa za uchovu na kichwa kuuma.

Aliyenitoa ni kijana wangu wa karakana. Siku moja alinirekodi kwa simu, akaogopa kunionyesha kwa siku mbili. Sekunde 50 tu. Niliona mwanamume ana uso wangu, mdomo unatafuna, mkono wa kushoto unachezea kifungo cha shati, wa kulia umejikunja na kukakamaa. Mwishoni kijana ananiuliza "Fundi, hii nini?" ameshika nyundo, nami najibu "hiyo... ile... ya kule". Nyundo! Kitu ninachokishika kila siku ya Mungu.

Tulipata rufaa kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Alitazama ile video mara mbili bila kusema neno, akaomba filamu ya CT ya 2018. Mkono wa kulia ukikakamaa na maneno yakipotea, akasema, jambo linaanzia kushoto, akagusa kwa kalamu mahali penye ufa. Nilihisi kama fundi mwenzangu ameshika ubao wangu na kuonyesha ulipoanza kupinda.

Sasa EEG safi ya mdogo wako. Yangu ya kwanza nayo ilikuwa safi. Ile mashine inaandika umeme wa ubongo kwa muda uliolala pale, nusu saa hivi. Ni kama kukaa barazani nusu saa ukimvizia mwizi: asipopita, hujathibitisha kwamba mtaa hauna wezi. Ya pili niliambiwa nikeshe usiku kucha, nije na nywele zilizooshwa zisizo na mafuta, nilale palepale kwenye mashine. Hiyo ikanasa. Kwa hiyo muulize daktari kuhusu kurudia kwa namna hiyo. Kama MRI, picha ya ubongo ya kina zaidi, inapatikana na mfuko au bima inaruhusu, nayo huona makovu madogo ambayo CT huyapita.

Tafuta pia karatasi yake ya kuruhusiwa, ile ambayo watu huifungia maandazi. Uzito wa ajali unahesabika. Kuna utafiti wa Minnesota, Marekani, wa 1998, uliofuatilia watu zaidi ya 4,500 walioumia kichwa. Waliozimika chini ya nusu saa na fuvu zima, katika miaka 5 hawakufika hata mmoja kwa kila 100 waliopata kifafa. Wenye ufa kwenye fuvu, au waliozimika zaidi ya nusu saa, ni kidogo tu juu ya mmoja. Ubongo uliochubuka, damu iliyoganda ndani, au kuzimika zaidi ya siku nzima, ni 10 kwa 100. Mimi niko kwenye kapu la tatu. Ukijua yeye yuko kapu gani, daktari naye atajua aanzie wapi.

Na msijifungie kwenye kifafa kabla hakijathibitishwa. Sukari ikishuka mtu hukwama. Aliyekuwa anakunywa sana akaacha ghafla hudondoka. Mabuu ya tegu wa nguruwe yakifika kwenye ubongo huleta degedege hata kama ajali haikutokea. Mshtuko wa ajali wenyewe unaweza kuleta vipindi vinavyofanana na kifafa na visiwe kifafa, na hapo mtu hadanganyi, anahitaji tiba nyingine. Ila akianza kuumwa kichwa kinachozidi kila siku, kutapika, kusinzia mchana, au upande mmoja wa mwili kulegea, usingoje miadi. Damu inaweza kuvuja polepole chini ya fuvu kwa wiki nyingi. Hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Jambo lililonivunja moyo ni kuambiwa dawa nikachukue kliniki ya afya ya akili. Nilikasirika, mimi si kichaa. Kumbe katika hospitali nyingi za wilaya dawa za kifafa hutolewa huko huko, basi. Nimeshazoea, nakaa kwenye benchi na wenzangu tunapiga soga. Nilianzishiwa karbamazepini, dozi inapanda taratibu. Wiki mbili za kwanza nilitembea kama nimelewa. Nilionywa nikiona vipele mwilini nirudi haraka, havikutokea. Wengine pale benchini wanatumia fenobarbitoni, rahisi na inapatikana, ingawa inawasinzisha.

Mwaka 2020 nilisafiri kwenda msibani nikasahau dawa nyumbani. Siku ya tatu nikaanguka mzima mzima mbele ya waombolezaji. Nimehadithiwa tu. Wengi walikimbia povu, wakiamini linaambukiza. Haliambukizi. Mmoja mwenye huruma akanipachika kijiko kati ya meno. Jino la mbele nililonalo leo ni la bandia kwa sababu ya kijiko, siyo kwa sababu ya kifafa. Kwa hiyo mfundishe kila mtu hapo nyumbani: mlazeni ubavu, ondoeni vitu vya kumuumiza, kitu laini chini ya kichwa, msimtie chochote mdomoni, msimkandamize, na mtazame saa. Ikipita dakika 5, au la pili likija kabla hajazinduka, tafuteni gari.

Kuhusu bibi: usipigane naye. Bibi yangu mzaa mama ni Mpogoro wa Mahenge, anakijua kifafa kuliko mimi. Kule kimekuwapo kwa wingi miaka mingi, wagonjwa waliogopwa na kutengwa, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alipofungua kliniki yao na kuwapa vidonge. Bibi anasimulia walivyosikia kwamba waliokuwa wakianguka motoni sasa wanalima. Bado anaamini kuna vya mkono wa mtu, lakini yeye ndiye anayenipigia simu jioni: "umekunywa?" Tukaafikiana. Maombi yake yanaendelea, vidonge vyangu vinaendelea, na dawa za mizizi za kunywa hazichanganywi.

Leo siangukii mtu. Ile harufu bado hunipitia mara moja moja nikikosa usingizi, nakaa chini, inapita. Mashine ya kuchana mbao niliiacha. Kijana ndiye anayeishika, mimi napima na kupiga msasa, na mapato yalishuka, sitakudanganya.

Ndiyo maana najua swali lako la mwisho ndilo zito. Hapana, asiendeshe kwa sasa. Siyo mpaka daktari amfuatilie muda mrefu bila tukio hata moja na aseme mwenyewe. Dakika moja ya kukwama akiwa na abiria ni vifo viwili. Kama pikipiki ni ya mkataba, nenda ukazungumze na tajiri wake mapema, kabla hesabu hazijalimbikizana, mumtafutie mtu wa kuishika. Kama ni yake mwenyewe, ipangishe. Funguo zikae kwako, maana yeye atakuambia yuko sawa, na atakuwa anasema kweli kwa kadiri anavyojua. Video ukishaipata, andika tarehe, saa, ilidumu muda gani na mkono upi ulikakamaa, kisha nitumie ujumbe nikuelekeze namna tulivyoomba rufaa.