Wa kwanza kwenu kwenda chuo? Nilivyopita chuo cha jamii hapa Texas

Mdogo wangu, nimesoma swali lako mara mbili kabla ya kujibu. Unasema wewe ndiye wa kwanza kwenu kumaliza sekondari hapa Marekani, wazazi hawajui chochote kuhusu mambo ya chuo, na umekubaliwa chuo cha jamii, yaani community college, chuo cha umma cha miaka miwili. Unauliza kama kuanzia huko badala ya chuo kikuu ni kujishusha, na mtu asiye na wa kumuuliza nyumbani aanzie wapi. Mimi nimepita njia hiyo hapa Texas. Wazazi wangu ni Wakongomani, tulikaa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kuja huku, na baba aliishia shule ya msingi.

Kujishusha? Hapana, hata kidogo. Chuo cha jamii kinampokea yeyote mwenye cheti cha sekondari au GED, ule mtihani unaochukua nafasi ya cheti hicho, ndiyo maana wengine wanakidharau, wanaona mlango ulio wazi kwa kila mtu hauna cha maana ndani. Usiwasikilize. Masomo ya mwanzo hapa Texas yana namba za pamoja, kwa hiyo vyuo vikuu vya umma vinajua ENGL 1301, somo la kwanza la uandishi wa Kiingereza, ni somo gani bila kujali umelisomea wapi. Ukikamilisha zile krediti (vipimo vya ukubwa wa somo) 42 za masomo ya msingi, chuo kikuu cha umma cha jimbo hili kinazipokea zote kwa pamoja. Na ada ni ndogo, hasa ukiwa unaishi ndani ya wilaya inayokilipia chuo hicho kodi. Peleka uthibitisho wa anwani mapema, kwa sababu anayehesabiwa kuwa wa nje ya wilaya hulipa zaidi kwa somo lile lile.

Sasa tuje kwenye kinachowakwamisha wengi wetu, nacho si hesabu wala Kiingereza. Ni FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa serikali kuu.

Baba alikuwa ametoka zamu ya usiku kiwandani. Niliweka mezani W-2 yake, karatasi ya mwajiri ya mshahara wa mwaka, na ile fomu ya kodi ya 1040, nikaanza kujaza. Kila namba niliyoisoma aliuliza inakwenda wapi na nani ataiona. Wapo watakaosema mzee wa aina hiyo ni mbishi, lakini mimi sikubali. Mtu aliyeishi kambini anajua karatasi yenye jina lake inaweza kuamua watoto wake watalala wapi, kwa hiyo kuuliza ni haki yake. Alichohofia zaidi ni deni: alisikia kazini kwamba watu wanalipa mikopo ya shule mpaka uzeeni. Nikamweleza kwamba Pell, ile fedha ya serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato kidogo, ni ruzuku, hairudishwi. Hakuridhika na maelezo yangu, akataka nimsomee ukurasa wenyewe kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, usiku ule ule. Nikasoma. Palipoandikwa mkopo akanisimamisha, akaniambia hapo tusiweke alama. Halafu akaweka sahihi.

Nakueleza hivi kwa urefu kwa sababu naona vijana wengi wanajaza fomu peke yao usiku wakitumia simu ya mzazi. Usifanye hivyo. Siku hizi mzazi anafungua akaunti yake mwenyewe na kutoa idhini taarifa zake za kodi zichukuliwe, na bila idhini hiyo hupati Pell. Keti naye, msomee. Kiwango cha juu cha Pell kwa mwaka wa masomo wa 2025-26 ni dola 7,395, na kwenye vyuo vingi vya jamii kiasi hicho kinamaliza ada na kubakiza cha vitabu na nauli. Chuo kikikuandikia kwamba kinataka nyaraka zaidi kuthibitisha ulichojaza, usiogope, huo ni utaratibu wa kawaida. Ila jibu haraka, fedha hazitoki mpaka wamalize. Jingine la kukumbuka ni kwamba ukiacha masomo yote kabla asilimia 60 ya semesta haijapita, sehemu ya fedha ile inaweza kudaiwa.

Mtihani wa TSI, ule wa kupima kama uko tayari kwa masomo ya chuo, uulizie kwanza kama alama zako za SAT au ACT, ile mitihani ya kuombea chuo kikuu, zinakuondoa. Kama lazima uufanye, jiandae. Wengi wanaufanya kienyeji kisha wanapangiwa masomo ya ziada ya kujazia.

Kuhusu madarasa yenyewe: kwenye silabasi ya kila mwalimu kuna saa zake za kuonana na wanafunzi ofisini. Sisi tumelelewa kwamba ukiitwa na mwalimu ofisini umekosa, kwa hiyo kwenda mwenyewe bila kuitwa ni kazi. Nilikwenda kwa mwalimu wa uandishi na insha yangu iliyojaa alama zake. Hakunifundisha sarufi. Alisoma aya moja kwa sauti, akafunika karatasi kwa kiganja, akauliza, "Ulikuwa unataka kusema nini hapa?" Nikamweleza kwa maneno yangu. Akasukuma kalamu upande wangu: "Andika hicho ulichoniambia sasa hivi." Tangu hapo nilikuwa naongea kwanza ndipo naandika, na mpaka leo kazini naandika ripoti hivyo hivyo.

Uliza pia kama chuo chako kina TRIO. Ni mpango wa fedha za serikali kuu kwa wanafunzi ambao hakuna mzazi wao mwenye shahada, wenye kipato kidogo au wenye ulemavu. Si kila chuo kinao, na nafasi hujaa. Mimi ndiko nilikopata mshauri aliyenijua kwa jina, na ndiye aliyenieleza jambo ambalo ningetamani kila mtoto wa kwetu alijue: krediti kupokelewa na krediti kuhesabiwa kwenye shahada yako ni vitu viwili tofauti. Chukua hesabu. MATH 1342 ni takwimu, MATH 1314 ni aljebra, MATH 2413 ni kalkulasi. Zote zitahamia. Lakini anayetaka uhandisi akisoma takwimu kwa sababu kaambiwa ni nyepesi, chuo kikuu kitaipokea vizuri tu, kisha kitamwambia aanze hesabu zake upya. Nimeona rafiki yangu akilia kwenye ngazi za maktaba kwa sababu hiyo, na alikuwa na alama nzuri kuliko zangu. Kwa hiyo kabla ya kujiandikisha semesta ya kwanza, fungua ukurasa wa shahada unayoitaka kwenye chuo kikuu unachokilenga, uchapishe, uende nao kwa mshauri. Usisubiri mwaka wa pili.

Krediti 12 kwa semesta zinakuhesabu kuwa mwanafunzi wa muda wote, lakini cheti cha miaka miwili kwa kawaida ni krediti 60, kwa hiyo kwa 12 hutamaliza ndani ya semesta nne. Kama unafanya kazi na unapeleka wadogo zako shule, 12 zinatosha, usijiue. Ila ujue umechagua nini. Na somo likikushinda, litoe kabla ya siku ya hesabu rasmi, ambayo kwenye semesta ndefu ni siku ya 12 ya masomo. Ukilitoa baada ya hapo linahesabiwa, na sheria ya Texas inakuruhusu kutoa masomo sita tu kwenye vyuo vyote vya umma mpaka unapata shahada ya kwanza.

Nyumbani kutakuwa kugumu kwa namna yake. Utaitwa kwenda kutafsiri hospitali siku ya mtihani. Mimi nilimpa mama tarehe za mitihani yote mwanzoni mwa semesta, akazibandika kwenye friji, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwajibu watu kwenye simu: "Wiki hiyo msimguse." Hajui kusoma silabasi, lakini tarehe zile alizilinda kuliko mimi.

Hujasema unataka kusomea nini. Andika hapa fani, chuo chako cha jamii na chuo kikuu unachokilenga, nitakuambia hesabu ipi uanze nayo. FAFSA usisubiri jibu langu, ianze wiki hii mzee akiwa na nafasi.