Usimwachishe mama yako vile vidonge vya baridi yabisi

Usimwachishe. Umeandika kwamba mama yako yuko Usa River, kwamba baridi yabisi yake ilithibitishwa miezi miwili iliyopita, kwamba metotreksati anayomeza kila wiki haijamsaidia, na kwamba umempata mtu mwenye mchanganyiko wa manjano, ubani na mizizi asiyoitaja. Kisha unauliza apewe kiasi gani cha mchanganyiko huo badala ya vidonge. Nilisoma nikiwa na mkasi mkononi, nikauweka chini, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyofanya mimi mwaka 2019, ila mimi niliharibu vidole vyangu, na wewe unataka kuharibu vya mzazi.

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi. Nilipewa dawa hiyo hiyo pamoja na asidi ya foliki, nikaambiwa kwamba nafuu huonekana baada ya wiki 6 hadi 12. Katika mwezi wa pili wa vidonge sikuwa nimeona kitu zaidi ya kichefuchefu, na ndipo mteja wangu mmoja akaniletea muuzaji, bwana mwenye maneno matamu na koti jeupe ambalo, kwa jicho la fundi, lilishonwa na mtu mwenye haraka. Aliniambia kuwa dawa za hospitali zinaua ini, na kwamba unga wake ni mimea mitupu. Chupa moja ilikuwa shilingi 45,000. Nikaacha vidonge.

Siku ya tatu nilifungua kifuniko cha chupa ya chai kwa mkono mmoja. Kwa mwaka mzima nilikuwa nikiamka vidole vimekakamaa hadi saa nne asubuhi, nikimwita mtoto wa jirani anitungie uzi kwenye sindano. Sasa nilikuwa nashona sare za shule mpaka usiku na kumtangaza yule bwana mtaa mzima. Nilimuuzia dawa kuliko alivyouza mwenyewe, tena bila kamisheni. Hamu ya kula ilirudi, uso ukajaa, majirani wakasema nimenawiri. Msinicheke: asiyewahi kushindwa kufunga vifungo vya gauni lake mwenyewe, ilhali anashona vya wenzake, hajui mtu huamini nini akipata asubuhi moja isiyo na maumivu.

Katika mwezi wa tano wa kutumia unga huo, muuzaji alizima simu. Unga uliponiishia, haikupita wiki nikaanguka kando ya cherehani, natapika, sina nguvu za kuinua hata mkasi. Hospitalini daktari aliutazama uso wangu, ambao ulikuwa mviringo kama sahani, kabla hajatazama vidole, kisha akapima sukari na kuikuta juu. Alinieleza kwamba mitishamba inayotuliza viungo kwa siku mbili tatu ni lazima ishukiwe kuwa imetiwa steroidi, yaani dawa kali za kuzima uvimbe kama deksamethasoni au prednisoloni, na kwamba mwili ukilishwa steroidi kwa miezi, tezi zilizo juu ya figo hulala na kuacha kutengeneza steroidi ya mwili wenyewe, ndiyo maana kuikatisha ghafla kunaweza kuua. Picha ya eksirei ndiyo iliyoniliza. Maumivu yalikuwa yamefunikwa huku ugonjwa ukiendelea kutafuna, na mfupa ulioliwa haurudi. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimelalia upande wa kidole cha mwisho mpaka leo, na yule bwana, popote alipo, natumaini vifungo vya koti lake vimeng'oka vyote.

Manjano yenyewe si uongo. Kukumini iliyomo hupunguza uvimbe, na jaribio la mwaka 2012 lililofanywa India kwa wagonjwa 45 lilionyesha nafuu kwa waliopewa miligramu 500 za kukumini iliyosafishwa. Lakini lilikuwa la wiki 8, muda usiotosha kuonyesha kama mfupa umenusurika. Unga wa jikoni una takribani asilimia 3 tu ya kukumini, nayo hufyonzwa kwa shida, ingawa pilipili manga huisaidia kupenya. Mmea wa Kichina uitwao Tripterygium wilfordii una nguvu zaidi, na ndiyo maana pia unaweza kukatisha hedhi na kudhoofisha mbegu za kiume. Na kwa wanaodharau hospitali kwa kupenda miti: haidroksiklorokwini, dawa nyingine ya baridi yabisi, ukoo wake unaanzia kwenye gome la mkwinini, mti ambao Wajerumani waliupanda Amani, kule Usambara.

Mmea na ukae juu ya dawa, usikae mahali pa dawa, tena daktari aujue kwa jina, kwa kuwa vidonge vya manjano vimewahi kudhuru ini na metotreksati nayo inataka ini lipimwe mara kwa mara. Mizizi isiyo na jina haikai popote.

Mama yako bado yumo ndani ya zile wiki za kusubiri. Hakikisha anameza vidonge siku moja tu kwa wiki, kwa maana kuvimeza kila siku ni sumu. Na kama ameshauonja ule mchanganyiko, usimkatishe kimyakimya nyumbani: mpeleke hospitali kesho asubuhi na chupa yenyewe mkononi, useme ameutumia siku ngapi.