Kiraka Kidogo cha Keneli Nacho Kinadai Sababu

Vijana wa vyuo wa Malimbe na Nyegezi, hapa Mwanza, wanaojifunza keneli ya Linux (kiini cha mfumo huo wa kompyuta) huniuliza mara kwa mara: "Kaka, nimesafisha mistari sita tu, msimamizi ananihoji ya nini?"

Msimamizi, yule anayeamua kipi kiingie kwenye sehemu yake ya keneli, ana haki ya kuhoji. Kiraka, yaani badiliko la msimbo, hata cha mistari sita, kikishaingia, atakayetumia git blame (amri inayoonyesha nani aligusa kila mstari mara ya mwisho) kutafuta mstari fulani uliandikwa kwa sababu gani atakutana kwanza na jina lako. Atakayepeleka rekebisho la usalama kwenye matoleo ya zamani atakuta mistari haifanani tena, na rekebisho lake litagoma kukaa. Usumbufu huo unawaangukia wengine, kwa hiyo maelezo unadaiwa wewe.

"Checkpatch imelalamika" haitoshi; hiyo ni skripti tu inayokagua mtindo wa uandishi wa viraka. Kanuni zake zenyewe hubadilika: mwaka 2020 urefu wa mstari unaotolewa onyo ulipandishwa kutoka herufi 80 hadi 100. Mwambie mkaguzi atakayesoma msimbo huo kesho atapata nini.

Chukua strlcpy, amri ya msimbo ya kunakili maandishi, na mbadala wake strscpy. Ukiandika "nimeweka strscpy mahali pa strlcpy", hujasema kitu. Hilo analiona kwenye kiraka. Eleza kwamba strlcpy husoma chanzo mpaka mwisho ili irudishe urefu wake, hata kama inanakili herufi chache, na chanzo kikikosa alama ya mwisho inapitiliza hadi kwenye kumbukumbu isiyohusika. Kisha, na hapa ndipo wengi huteleza, sema umekagua kama kuna mahali jibu ambalo strlcpy hurudisha linatumika, kwa sababu strscpy ikikosa nafasi hurudisha namba hasi, hairudishi urefu. Sentensi hiyo ndiyo inayompa mkaguzi imani kwamba umeusoma msimbo kwa macho yako. Viraka vya namna hiyo viliingia kidogo kidogo kwa miaka, mpaka mwaka 2024 strlcpy ikaondolewa kabisa kwenye keneli.

Sababu yenye nguvu kuliko zote ni kazi inayofuata. Kama usafi wako unarahisisha kuongeza uwezo mpya kwenye draiva, tuma viraka vya usafi na vya uwezo huo kwa mfululizo mmoja, usafi ukitangulia. Kwa kosa halisi la programu, geuza mpangilio: rekebisho kwanza, peke yake, ili lichukuliwe kwa matoleo ya zamani bila kuburuta usafi wako.

Taja pia kama tabia ya programu inabadilika au la, na umeijaribu vipi. Vifaa vingi vinavyoendeshwa na draiva hizi huku Mwanza hatuvioni hata dukani. Andika basi waziwazi: nimejenga tu, sijaendesha kwenye kifaa. Wasimamizi wanaupokea ukweli huo vizuri kuliko ukimya.

Kwa anayeanza, drivers/staging, folda ya draiva ambazo bado hazijakomaa, ndiyo sehemu inayokaribisha usafi mtupu. Kwingineko, msimamizi akikataa hata baada ya maelezo mazuri, mshukuru, kisha muulize ni kazi gani kwenye draiva yake imekosa mtu.