Msiulize kama inatosha, ulizeni iko kwa jina gani

Wahariri, swali lenu la wiki hii, «Je, pensheni ya serikali inaweza kumtunza mzee mpaka mwisho?», lilinikuta mezani na bukari, ugali wetu, imeisha kupoa. Jibu fupi: haiwezi. Hapa Lubumbashi hilo hatuhitaji kuelezwa. Ila tusichanganye mambo. Wale wazee zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo, waliotoka mwaka 2003 kwa «depa volonteri», yaani kuacha kazi kwa hiari, kwa franga za Benki ya Dunia, walipewa fungu moja mkononi na kwaheri. Ile haikuwa pensheni.

Mimi nataka kujibu lingine: mzee akifa, nani ataweza kuidai?

Baba yangu mukubwa alibatizwa Albert, na kwa jina hilo aliandikwa kazini. Ikaja 1972, Mobutu na Authenticité yake, siasa ya kurudia majina ya Kiafrika, majina ya ubatizo yakapigwa marufuku. Karani wa kazi akafuta Albert, akaandika jina la babu yake. Utawala ule ulipolegea, Albert akarudi, safari hii akiwa nyuma ya jina la babu, tena herufi moja imepotea. Yeye mwenyewe hakujali. Mshahara ulikuwa unafika.

Alipofariki, baada ya kilio, mimi ndiye niliyemsindikiza mama mukubwa kwenye ofisi ya pensheni mjini, karatasi zote ndani ya mufuko wa plastiki. Tulipanga mstari tangu asubuhi, jua likatupata pale pale. Tulipofika dirishani, kijana akazisoma moja moja bila haraka, kisha akauliza:

— Mama, uyu Albert ni nani?

— Ni bwana yangu.

— Na uyu mwingine?

— Ni bwana yangu vilevile.

— Mama, bwana wawili?

Mstari mzima ulicheka. Mama mukubwa hakucheka. Alivua kitambaa cha kichwa, akakikunja vizuri, akakifunga tena, akamwambia yule kijana: «Mwanangu, majina yalibadilishwa na serikali. Mimi sikubadilisha bwana.» Kijana akainamisha kichwa, lakini dosie, yaani faili letu, hakuipokea. Alitaka hukumu ya tribinali, yaani mahakama, inayosema kwamba wale wawili ni mtu mmoja, na akti ya ndoa, cheti kinachotolewa na komini, ofisi ya serikali ya mtaa. Tribinali ikataka mashahidi. Mashahidi wa umri ule wengi wako makaburini. Mmoja tulimpata Katuba, macho yamekufa, ikabidi tumlipie teksi kwenda na kurudi. Kila karatasi na franga zake, na kila dirisha lilitutuma dirisha lingine. Nilitukana sana mwaka ule, na nilianza kuandika barua hii nikiwa na matusi yale yale mdomoni.

Akti ya ndoa ndiyo ilituokoa, na ilikuwapo kwa sababu ya posho, chakula cha kazini. Mali ya ndoa ilitolewa kijijini, na kwa familia ndoa ilikuwa imekamilika. Lakini mwajiri alidai karatasi ya komini ndipo mke aandikwe kwa unga na maharagwe. Baba mukubwa akaenda kuandikisha ndoa kwa ajili ya unga!

Sheria yenyewe haina uchawi. Ile namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 ilichukua mahali pa ile ya 1961, na INSS, kasa ya taifa (mfuko wa pensheni) ya wafanyakazi, ikageuka CNSS. Mwajiri anatoa 13% ya mshahara kwa jumla, mfanyakazi anakatwa 5%, na sehemu ya hizo hulipa pensheni ya uzee kuanzia miaka 60, ya ulemavu, na ya wajane na yatima. Watumishi wa serikali wana kasa yao, CNSSAP. Ulemavu naupita haraka: ukiumia kazini ni mlango mmoja, unaolipiwa na mwajiri peke yake, na ni lazima atangaze ajali, ukiugua nyumbani ni mlango mwingine, wenye daktari na masharti ya michango.

Basi, siku ya mwisho, kijana wa dirishani alitunong'oneza jambo. Kabla yetu alikuwa amefika shemeji, mdogo wa marehemu, na barua ya «baraza la familia» inayomteua yeye kupokea franga za mjane. Walimrudisha kwa sababu hakuwa na akti. Karatasi ile ile niliyoitukana.

Nilikuwa nimepanga kuwaambia wasomaji wamwage franga zao kwenye likelemba, upatu wa kupokezana zamu, waachane na kasa. Sasa nasita. Likelemba hulipa haraka, ndiyo, lakini ukifa, zamu yako ataipokea shemeji huyo huyo. Pensheni ya mama mukubwa hainunui magunia mengi ya unga, na mwezi mwingine huchelewa, lakini inatoka kwa jina lake. Kwa hiyo nasema: panga mstari. Hiyo ni kama mwajiri wako kweli anapeleka anachokukata, maana fishi ya mshahara inaweza kuonyesha 5% na kasani kusiwe na kitu. Kaulize ukiwa hai. Na bwana, leo jioni mwonyeshe mke wako namba yako ya kasa.

Kuhusu wanawake wawili wa bwana mmoja, ambapo sheria inamtambua mmoja tu, hilo mliulize wiki nyingine, na msinitaje jina.

Msomaji, komini ya Kenya, Lubumbashi