Maunti za Injini Iliyohamishwa: Maswali na Majibu

Nimeweka injini ya dizeli ya silinda 4 kwenye pikapu yangu ya porini. Ina uzito wa kilo 250 tu. Je, breketi za bamba la milimita 3 za kuishikilia kwenye chasisi hazitoshi?

Hazitoshi, kwa sababu uzito wa injini ni sehemu ndogo tu ya mzigo. Pale injini, giaboksi na transfa (sanduku la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma) zinapofungwa pamoja kama kitu kimoja, maunti, yaani vishikizo vyenye mpira kati ya injini na chasisi, hupokea torki (nguvu ya kuzungusha) inayotoka kwenye transfa, wala si ile ya injini peke yake. Chukua injini yenye torki ya Nm 300, gia ya kwanza ya 4:1 na gia nzito ya transfa ya 2.5:1. Propela, yaani shafti zinazopeleka nguvu kwenye ekseli, zinapewa takriban Nm 3,000, na mtambo mzima unataka kujigeuza upande wa pili kwa nguvu hiyohiyo. Ikiwa maunti mbili za mbele zimeachana sentimita 60, na tukiacha hesabu ya kiasi kinachobebwa na maunti ya giaboksi, upande mmoja unavutwa juu na mwingine unakandamizwa kwa nguvu ya karibu newtoni 5,000, yaani kama nusu tani kila upande. Hapo bado hatujahesabu kishindo cha gurudumu lililokuwa likizunguka hewani kisha likashika mwamba ghafla.

Mimi hutumia chuma laini cha milimita 6 chenye mbavu ya pembetatu. Upande unaovutwa juu weka maunti ambayo vyuma vyake vinashikana hata mpira ukikatika. Bila hivyo injini itanyanyuka, na feni itaila rejeta.

Fundi anashauri tuondoe mipira na kufunga injini chuma kwa chuma, kwa kuwa mipira hukatika mara kwa mara. Ni sawa?

Si sawa kwa gari la porini. Chasisi hujipinda tairi moja linapopanda jiwe na jingine kuning'inia, na injini iliyofungwa chuma kwa chuma inalazimishwa kujipinda nayo, hadi masikio ya bloku au ganda la alumini la giaboksi lipate ufa. Tumia nukta tatu, mbili ubavuni mwa injini na moja chini ya giaboksi, zote zikiwa na mpira. Bushi za poliyurethani hudumu zaidi na hustahimili mafuta, lakini dizeli ikiwa sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, utausikia mtetemo hadi kwenye usukani. Mpira unaokatika kila mara mara nyingi umewekwa karibu mno na bomba la ekzosi, kwa hiyo ukinge kwa bati kabla ya kuulaumu.

Injini ikae kwa mwinamo gani?

Kwa kawaida huinama nyuzi 2 hadi 4 kuelekea nyuma. Kwa propela yenye krosi (kiungo kinachoiruhusu kujikunja) moja kila mwisho, flanji ya transfa na ya difu, yaani nyuso inapofungwa propela, ziwe sambamba, zisitofautiane zaidi ya nyuzi 1 hivi. Pima kwa kulinganisha na chasisi, usilinganishe na sakafu. Niliwahi kupima gari likiwa limeinuliwa nyuma kwa jeki, nikaridhika na nyuzi 3, nikachomelea. Liliposhushwa zikawa 5, na propela ikaanza kunguruma kila nilipoongeza mwendo. Ilinibidi nikate kila kitu kwa grainda.

Kabla ya kuamua kimo cha injini, ondoa springi za mbele na uinue ekseli kwa jeki hadi iguse mpira wa kikomo. Acha angalau milimita 25 kati yake na sampu (karai la oili chini ya injini), kwani injini nayo hucheza.

Naweza kuchomelea breketi zikiwa garini?

Shikiza kwa vidoa vichache tu, kisha ushushe injini, utoe mipira na umalizie kazi. Tenganisha betri, na klipu ya eathi ya mashine ya kuchomelea iwe karibu na unapochoma. Bamba la chini liwe pana na lenye pembe za mviringo, na mishono mirefu ifuate urefu wa chasisi badala ya kuikata kwa wima, maana ufa huanzia kwenye mshono wa wima.

Boliti gani?

M12 ya daraja 8.8 au 10.9, yenye nati ya kujifunga. Zinapopita kwenye chasisi ya boksi, chomelea kipande cha bomba ndani ya tundu ili kuta zisibonyee unapokaza.