Muulize Shangazi: Nimechoma kinanda?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nipo Guangzhou, China, mtaa wa Xiaobei, nanunua vitenge vya kutuma Dar. Mzee ninayechukua mzigo kwake alinizawadia chai ya Pu'er ya miaka mingi, imeshindiliwa duara bapa. Alipokuja kunitembelea nikampikia hiyohiyo kwa maziwa, sukari na tangawizi. Alicheka mpaka machozi, akasema "fan kam jyu hok". Kijana wake akanifasiria: umechoma kinanda, umepika korongo. Je, nimemkosea?
Msomaji, Guangzhou

JIBU: Marahaba, mwanangu. Aliyecheka mpaka machozi hana kinyongo, ingawa kukuchoma kidogo amekuchoma.

Huo ni msemo wa vitabuni. Mchuuzi wa Kikantoni angekwambia tu "saai", unapoteza mali. Asili yake ni orodha ya mambo ya kuudhi macho, inayohusishwa na Li Shangyin, mshairi wa karne ya 9: kuosha miguu kwenye chemchemi safi, kuanika suruali juu ya maua (hilo hata mtaani kwetu lipo), kujenga nyumba ukaupa mlima mgongo. Na hilo lako la kuchoma kinanda na kupika korongo: kuharibu kitu cha thamani kwa matumizi ya ovyo. Kinanda chenyewe ni guqin, cha nyuzi 7, chombo cha wasomi. Korongo nao walifugwa kwa madaha yao. Lin Bu, mshairi wa mji wa Hangzhou, aliyefariki mwaka 1028, hakuoa; watu walisema korongo ndio wanawe. Mgeni akifika naye yuko ziwani, mtumishi humwachia korongo aruke, na Lin Bu akimwona anaruka hugeuza mtumbwi kurudi. Ndege huyo ndiye wa kutiwa chumvi na ndimu?

Na kuni za kinanda zinawaka vizuri, mwanangu, na nyama ya korongo inatoa mchuzi. Ni sawa na kupasua mlango wa nakshi wa Lamu uchemshie maharage: maharage yataiva.

Maziwa lakini usiyasingizie. Hong Kong wanaipenda sana chai ya maziwa, ila wanatumia majani meusi makali na maziwa ya kopo. Pu'er imekaa miaka ikitengeneza ladha yake. Tangawizi yako imeimeza kwa dakika moja.

Kipande kilichobaki mpelekee mzee akupikie mwenyewe. Ataimiminia maji ya moto, ayamwage yale ya kwanza, ndipo akupe kikombe kidogo kama cha kahawa. Ukimwalika tena, mpikie majani uliyotoka nayo nyumbani, na tangawizi usipunguze.